Neno na Fimbo

Sisi walimu twashika vitu viwili kila siku ya kazi yetu: neno na fimbo. Neno huenda polepole. Mtoto hulisikia leo, hulisahau kesho, na kesho kutwa sharti aambiwe tena. Fimbo ni nyepesi, wala haitaki matayarisho. Mtoto akiiona tu hunyamaza. Lakini kila mwalimu aliyekaa kazini miaka mingi ajua tofauti yake. Fimbo ikitoka chumbani, ukimya nao hutoka pamoja nayo. Bali neno lililoingia hubaki, hata mwalimu akiwa amekwenda zake.

Nimeyafikiri haya kwa sababu ya jambo lililotupata kijijini petu, nitakalolieleza mbele kidogo, na kwa sababu twakaa kando ya njia ambayo wamepita watawala wa kila namna. Mmoja wao alikuwa mwalimu kama sisi. Alisoma Tabora, akafundisha Tabora, na baadaye akawa mkuu wa nchi nzima. Nataka kusema habari zake, si kwa kumsifu tu, maana sifa zake zimekwisha kutajwa na wengi, bali kwa kuuliza swali moja: Je, neno latosha kuongoza watu, au hapana budi fimbo iwepo?

Kwanza tuitazame njia yenyewe. Zamani ilianza Bagamoyo pwani, ikapita Ugogo penye ukame, ikafika Tabora, na kutoka hapa ikashuka mpaka Ujiji kwenye Ziwa Tanganyika. Wanyamwezi walisifiwa kuwa wapagazi hodari kuliko wote. Walichukua pembe za ndovu kwenda pwani, wakarudi na nguo, shanga na nyaya za shaba. Watumwa nao walipita njia hiyo hiyo, wakiwa wamefungwa. Wazee hutuambia kwamba miembe mikubwa tuionayo imeota kwa kokwa za maembe zilizotupwa na wasafiri wale. Pale Kwihara, karibu na mji, ipo tembe ambamo Livingstone na Stanley walikaa mwaka 1872 kabla ya kuagana, wasionane tena.

Njia yenye mali haikosi wenye kuigombania. Katika miaka ile aliinuka Mirambo, aliyezaliwa yapata mwaka 1840. Alikusanya vijana wa vita walioitwa rugaruga, akaziunganisha nchi ndogondogo za Unyamwezi ya magharibi kwa nguvu ya bunduki, akafanya makao yake Urambo. Tangu mwaka 1871 mpaka 1875 alipigana na Waarabu wa Tabora, akaifunga njia ya Ujiji hata biashara ikalala. Stanley, aliyekuwa upande wa Waarabu katika vita vya 1871, alikutana naye mwaka 1876 wakachanjiana damu kuwa ndugu. Wala Mirambo hakuwa mtu wa vita tu. Alipenda kujua mambo mapya, na mwaka 1879 daktari mmisionari, Southon, alipokelewa kukaa Urambo. Lakini nguzo ya ufalme wake ilikuwa mkono wake mwenyewe. Alikufa tarehe 2 Desemba 1884, na haikupita miaka kumi ufalme ule ukavunjika vipande vipande. Mkono ulipolala, mkuki nao ulianguka.

Baada yake tunamkumbuka Isike, mtemi wa Unyanyembe, aliyewapinga Wajerumani. Mwezi wa Januari 1893 boma lake lilipovunjwa, hakukubali kukamatwa hai. Akaiwasha baruti iliyokuwa ndani. Hakuna mtu awezaye kusema kwamba Isike alikosa ushujaa. Lakini waliomshinda walikuwa na fimbo kubwa kuliko yake, nao wakatawala kwa kiboko, mpaka mwezi wa Septemba 1916 Wabelgiji walipoingia Tabora na kuwafukuza. Kisha Waingereza wakapewa nchi. Basi kwa muda wa miaka hamsini tu mji huu ulipita katika mikono mingi, na kila mkono ulisema, "Mimi nina nguvu." Yule aliyekuwa na nguvu jana, leo yu wapi?

Mwaka 1937 alifika Tabora mvulana mmoja wa Kizanaki, umri wake miaka kumi na mitano, jina lake Kambarage. Alizaliwa Butiama tarehe 13 Aprili 1922, mtoto wa mtemi Nyerere Burito na mama Mugaya. Hakuanza shule mapema. Alichunga mbuzi kama watoto wenzake, na mwaka 1934, akiwa na miaka kumi na miwili, akapelekwa shule ya Mwisenge, Musoma. Alionekana kuwa mwepesi wa kufahamu, akafaulu kuja kwenye shule ya serikali ya Tabora. Siku zile mtu wa Musoma aliyekuja huku alivuka Ziwa kwa meli mpaka Mwanza, kisha akapanda gari la moshi. Shule ile Waingereza waliianzisha katika miaka ya 1920, hasa kwa ajili ya wana wa watemi, ili wajifunze kutawala chini ya Waingereza. Lakini mbegu haiulizi mkulima alitaka nini. Ikipata maji huota kama ilivyo. Vijana waliofundishwa kusema na kujibu kwa hoja walianza kuuliza kwa nini hoja haifiki kwa Gavana.

Kambarage akatoka Tabora akaenda Makerere, Uganda, mwaka 1943. Mwisho wa mwaka ule alibatizwa, akaitwa Julius. Alipomaliza masomo yake ya ualimu alirudi Tabora mwaka 1946, akafundisha katika shule ya St. Mary's, iliyokuwa ya wamisionari Wakatoliki, mpaka mwaka 1949. Jioni, baada ya kazi ya mchana, aliwafundisha watu wazima wa mjini Kiingereza bila malipo. Nawaomba walimu wenzangu walitazame jambo hili dogo. Mtu mzima hafundishwi kwa fimbo. Amechoka, ana watoto nyumbani, anaona haya kukosea mbele ya kijana. Ukimdharau usiku mmoja, kesho haji. Mwalimu wa watu wazima sharti ajifunze kuwaheshimu wanafunzi wake, la sivyo atabaki na viti vitupu. Mimi naamini kwamba jioni zile zilimfaa yeye kuliko vitabu vingi.

Mwaka 1949 alikwenda kusoma Edinburgh, akapata digrii yake mwaka 1952, akarudi kufundisha Pugu karibu na Dar es Salaam. Mwaka 1953 akachaguliwa kuwa rais wa chama cha TAA, na tarehe 7 Julai 1954 chama kile kikageuzwa kuwa TANU. Mwezi wa Machi 1955 alisimama mbele ya Umoja wa Mataifa, New York, akawaeleza kwamba Watanganyika wanataka kujitawala. Aliporudi, alitakiwa kuchagua ama kazi ya ualimu ama siasa. Akaacha mshahara, akashika siasa. Lakini jina la Mwalimu hakuliacha, nalo halikumwacha.

Sasa nafika kwenye mkutano wa Tabora, nao ndio kiini cha habari yangu. Serikali ya Waingereza ilitangaza uchaguzi wa kwanza wa Baraza la Kutunga Sheria, lakini kwa masharti machungu. Kwanza, si kila mtu aliruhusiwa kupiga kura; ilimpasa awe na elimu ya kiasi fulani, au kipato cha pauni 150 kwa mwaka, au cheo kinachotambulika. Wakulima wengi sana waliachwa nje. Pili, kila mpiga kura alilazimishwa kuchagua watu watatu: Mwafrika mmoja, Mzungu mmoja, na Mwasia mmoja. Asiyepiga kura zote tatu, kura yake haikuhesabiwa. Watu waliziita kura tatu. Hebu fikiri: Waafrika walikuwa mamilioni, Wazungu na Waasia walikuwa wachache mno; hata hivyo kila kundi lilipewa viti sawa.

Mwezi wa Januari 1958 wajumbe wa TANU walikusanyika Tabora waamue: Je, tuingie katika uchaguzi huu, au tuususie? Wengi walifika wakiwa na hasira, nao walikuwa na haki ya kukasirika. Kuingia katika uchaguzi kulionekana kama kukubali kutukanwa. Chama kilikuwa changa, damu ilikuwa moto, na mtu aliyesema "tususie" alishangiliwa. Kiongozi aliyetaka kupendwa siku ile alijua la kusema.

Nyerere akasema lile wasilotaka kulisikia. Aliwaeleza kwamba wakisusa, viti vitachukuliwa na chama cha UTP, kilichoundwa kuishindana TANU, kisha Waingereza watasema, "Hawa ndio waliochaguliwa na nchi." Inasimuliwa kwamba aliwapa mfano wa shamba: mtu ana shamba lililoiva, na mbele yake pana tope jingi. Asiyetaka kuchafua miguu, mavuno yatampotea. Anayetaka mavuno, sharti akanyage tope. Hakuwaficha kwamba tope ni tope. Alisema tu kwamba ng'ambo yake pana chakula.

Wahenga walisema, ukitaka cha mvunguni, sharti uiname. Lakini, wasomaji, ni jambo gumu kumwambia mtu aliyeinamishwa miaka sitini ainame mara moja zaidi. Nyerere hakuwa na askari wa kuwalazimisha wajumbe wale. Hakuwa na gereza wala cheo cha serikali. Alikuwa na neno tupu. Majadiliano yakawa marefu, na mwisho kura zikapigwa. Waliotaka kuingia katika uchaguzi wakashinda. Baadaye jambo lile liliitwa Uamuzi wa Busara. Wengine hawakuridhika, na mmoja wao, Zuberi Mtemvu, akatoka akaanzisha chama chake cha African National Congress. Naye hakupigwa wala hakufungwa kwa kutoka kwake. Alikwenda na neno lake, akalitangaza kwa watu.

Matunda yalikuja upesi kuliko walivyotazamia. Uchaguzi ulifanywa kwa awamu mbili, mwezi wa Septemba 1958 na mwezi wa Februari 1959, na watu waliosimama kwa msaada wa TANU, Waafrika, Wazungu na Waasia, wakashinda. Yale masharti yaliyowekwa ili kuigawa nchi yaliwafundisha watu wa rangi tatu kuomba kura mlango kwa mlango pamoja. Mwezi wa Agosti 1960 TANU ilipata viti 70 katika 71, na Nyerere akawa Waziri Kiongozi. Tarehe 9 Desemba 1961 Tanganyika ikapata uhuru bila vita.

Tena msisahau jambo lililofuata. Mwezi wa Januari 1962, majuma sita tu baada ya uhuru, alijiuzulu uwaziri mkuu, akamwachia Rashidi Kawawa, akaenda kuzunguka nchi kuongea na watu na kukijenga chama. Mwaka ule ule watu wakamchagua kuwa Rais. Aliyeshindana naye alikuwa Mtemvu yule yule. Tarehe 9 Desemba 1962 akaapishwa. Mwaka 1964 Tanganyika na Zanzibar zikaungana. Na katikati ya kazi hizo zote alipata nafasi ya kutafsiri tamthilia ya Shakespeare kwa Kiswahili, ikatolewa mwaka 1963 kwa jina la Julius Caezar, habari za mtawala aliyeuawa na rafiki zake. Sijui mkuu wa nchi mwingine aliyekaa usiku akitafuta neno lililo sawa kwa ajili ya wasomaji wa lugha yake.

Hapa ningeweza kukomesha habari yangu, nanyi mngesema, "Tumeona, neno latosha." Lakini mwandishi anayeficha nusu ya habari si mwalimu mwema. Mwalimu naye alishika fimbo. Mwaka 1962 ilitungwa sheria ya kumweka mtu kizuizini bila kumfikisha mahakamani. Mwaka 1965 nchi ikawa ya chama kimoja kwa sheria. Na kule vijijini, ambako ndiko kwetu, fimbo ilionekana waziwazi.

Mwaka 1967, katika Azimio la Arusha na maandiko yaliyolifuata, Nyerere alifundisha kwamba watu wakae pamoja katika vijiji vya ujamaa, walime kwa kusaidiana, wapate maji, shule na zahanati. Alisisitiza kwamba watu wasilazimishwe. Kijiji cha ujamaa ni cha watu walioelewa na kukubali. Hilo lilikuwa neno lile lile la Tabora. Lakini watu walikwenda polepole, kama mtoto ajifunzavyo, na serikali ikachoka kungoja. Mwezi wa Novemba 1973 ikatangazwa kuwa kukaa vijijini ni amri, nayo itimizwe mpaka mwisho wa mwaka 1976. Basi zikaja operesheni. Mamilioni ya watu wakahamishwa. Mahali pengine kwa upole, mahali pengine kwa malori na askari, na nyumba za zamani zikachomwa ili watu wasirudi. Wako waliowekwa mbali na mashamba yao, penye udongo mbovu na maji ya shida. Ukame nao ukaingia, na katika miaka ya 1974 na 1975 nchi ikalazimika kununua nafaka nyingi kutoka nje.

Nasema haki pande zote mbili. Vijiji vile ndivyo vilivyoleta shule kwa watoto ambao baba zao hawakujua kusoma. Zahanati zikajengwa, na wazee wakashika kalamu katika madarasa ya kisomo. Mimi nisingekuwa mwalimu kama shule isingefika karibu na nyumba ya wazazi wangu. Lakini kile kilichopatikana kwa fimbo hakikudumu: mashamba ya ujamaa yaliyolimwa kwa amri yaliota majani mara mkaguzi alipopanda gari lake. Bali kile kilichopatikana kwa neno kimedumu. Kiswahili tunachozungumza, Msukuma na Mmakonde wakielewana sokoni kama ndugu, hakikulazimishwa kwa bunduki. Mazoea ya kutoulizana kabila kabla ya kuoana au kuajiriana hayakuletwa na askari. Vitu hivi vilifundishwa mwaka baada ya mwaka, na leo vinakaa bila mlinzi.

Na jambo moja zaidi la kumpa haki yake: yeye mwenyewe alikubali kuyatazama. Mwaka 1977, Azimio lilipotimiza miaka kumi, aliandika taarifa akaorodhesha mafanikio na mapungufu pia. Serikali yake ilikuwa imevunja halmashauri za wilaya zilizochaguliwa na watu, na mwaka 1976 ikavunja vyama vikuu vya ushirika. Baadaye, katika miaka ya 1980, alisema wazi kwamba kuvunja vyombo hivyo viwili lilikuwa kosa. Vyote vilirudishwa. Vyombo hivyo vilikuwa nini, ila mahali pa watu kusema neno lao? Aliyevivunja ndiye aliyekiri kwamba haifai kutawala pasipo kusikia.

Sasa nieleze jambo letu la kijijini. Masika moja mvua iliangusha darasa la shule yetu. Mkutano ukaamua kila kaya itoe matofali na fedha kidogo. Miezi ikapita, nusu wakatoa, nusu wakanyamaza. Katika mkutano wa pili baadhi ya wajumbe wakasema, "Wasiotoa wachukuliwe kuku na mbuzi." Wengi wakapiga makofi. Nikasimama nikawakumbusha mkutano wa mwaka 1958, uliofanywa si mbali na hapo tulipokaa, jinsi mtu asiye na askari alivyowageuza wenye hasira kwa hoja.

Mzee mmoja, ninayemheshimu kama baba yangu, akanijibu mbele ya wote: "Mwalimu, maneno yako ni mazuri. Lakini wajukuu wangu wanasoma juani. Hilo neno lako litawaezekea?"

Sikuwa na jibu la haraka. Swali lake lilikuwa la haki, maana neno huchelewa, na jua halingoji. Nikasema, "Mzee wangu, tupeni majira moja ya kiangazi. Tutakwenda nyumba kwa nyumba. Tukishindwa, mtaamua mpendavyo." Wakakubali kwa shingo upande. Tukachaguliwa watu watatu, nasi tukaanza kuzunguka kila jioni.

Tuliyoyakuta hatukuyajua tulipokuwa mkutanoni. Mjane mmoja hakuwa na nguvu za kufyatua matofali, naye aliona haya kusema. Tukakubaliana apike uji wa mafundi. Kijana mmoja alikuwa amekwenda kulima tumbaku mbali, na mkewe hakuwa na ruhusa ya kutoa fedha. Na baba mmoja, aliyetajwa na wote kuwa mkaidi, alituketisha, akatupa maji, akasema, "Miaka iliyopita nilitoa fedha za kisima. Kisima ki wapi? Nani alinionyesha hesabu?" Hatukuwa na la kumjibu ila kutengeneza daftari. Tukalifunga kwa kamba mlangoni pa ofisi ya shule, kila shilingi ikaandikwa, iliyoingia na iliyotoka, na kila mtu akaruhusiwa kusoma. Baada ya majuma matatu baba yule alikuja, akasoma ukurasa kwa ukurasa akifuata kwa kidole, akaenda zake bila kusema neno. Kesho yake akaleta matofali mia mbili kwa mkokoteni wa ng'ombe.

Ndipo nilipofahamu kwamba neno si kusema tu. Neno ni kusikia kwanza, tena ni kuonyesha hesabu. Mwenye kuhubiri tu, asiyeuliza, naye ameshika fimbo, ila fimbo yake ni ulimi.

Nisiwadanganye, wasomaji wapendwa: darasa letu halijaisha. Kuta zimefika juu ya madirisha, na mabati bado hatujayapata yote. Mvua za mwaka jana zilikula matofali ya juu, tukaanza tena mistari miwili. Yule mzee hupita pale kila juma, hutazama juu mahali pa paa, hunitazama mimi, hucheka kidogo, huenda zake. Lakini hakuna mbuzi wa mtu aliyekamatwa, wala hakuna jirani anayeogopa kukutana na jirani yake kisimani. Na wale waliotoa jasho lao kwa hiari hulinda kuta zile zisichezewe na watoto, bila kuajiriwa ulinzi.

Mwaka 1985 Mwalimu Nyerere aliacha urais kwa hiari yake, akampokeza Ali Hassan Mwinyi, akarudi Butiama kulima. Siku zile palikuwa na wakuu wachache mno katika Afrika walioacha kiti wakiwa hai na bila kufukuzwa. Na mwaka 1992, nchi iliporudia vyama vingi, tume ya Jaji Nyalali ilikuwa imeona kwamba yapata watu wanane katika kila kumi walitaka chama kimoja kiendelee. Nyerere alikuwa miongoni mwa waliosema kwamba wale wawili nao wasikilizwe. Mtu aliyeisimamisha nchi juu ya chama kimoja alikuja kuwatetea waliokikataa. Alifariki London tarehe 14 Oktoba 1999, akazikwa kwao Butiama. Mirambo aliacha ufalme uliomfuata kaburini. Huyu aliacha nchi iliyomlilia, kisha ikaendelea na kazi asubuhi yake.

Twajua majina mengi ya utukufu waliyopewa wakuu wa Afrika: simba, chui, mshindi wa vita. Huyu nchi yake ilimwita Mwalimu, nalo ni jina wanaloitwa maelfu ya watu vijijini wenye chaki mikononi na madeni dukani. Basi tusilidharau. Wazazi, mwalimu akiwaiteni mkutanoni, njooni na maswali yenu, hata yaliyo machungu, wala msimwache aseme peke yake. Nasi walimu, tunapochoka na fimbo ikawa karibu na mkono, tukumbuke tope lile la Tabora: aliyewavusha watu hakuwasukuma kwa nyuma, bali alitangulia mbele akachafua miguu yake kwanza.